Safu ya Pili

Siku hizi chati za Kiingereza zinauzwa zikiwa zimeshachapwa, zina picha za rangi, na zimefunikwa kwa plastiki ya kung'aa ili zisilowe. Wiki iliyopita nilikuwa mbele ya duka la vifaa vya shule pale Biharamulo mjini, natafuta madaftari ya binti yangu, nikaiona moja imening'inizwa mlangoni. Juu yake kulikuwa na simba anayetoa meno. Chini ya simba zilipangwa safu mbili za maneno: kushoto vitu vinavyotisha, kulia watu waliotishwa. Frightening, frightened. Terrifying, terrified. Kila neno lilikaa na mwenzake kama jozi ya viatu. Nilisimama hapo mpaka mwenye duka akaniuliza, "Dada, unanunua au unasoma?" Nikamwambia nasoma. Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Nilikuwa nasoma kweli, na mikono ilikuwa imeanza kunitoka jasho. Mtu mzima, mke wa mtu, nasimama barabarani natokwa jasho kwa sababu ya vivumishi vya Kiingereza. Nilinunua madaftari nikaondoka, chati nikaiacha na simba wake.

Kwetu Nyarubungo hapakuwa na chati za duka. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka manila. Mwalimu alinunua karatasi mwenyewe, akaandika kwa kalamu ya wino mzito mpaka wino ukafifia katikati ya neno, akaitikisa kalamu, akaipulizia, akaendelea. Karatasi ilibanwa ukutani kwa miiba ya mlimau, maana pini zilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu na hazikuwa zikitoka huko. Darasa lilinuka vumbi, jasho la watoto na viazi vya kuchemsha tulivyoficha ndani ya madawati.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Nestori. Alikuwa mtu wa Ngara kama mama yangu, mrefu, mpole, na alikuwa na koti moja la kahawia ambalo hata jua la saa saba halikumvua. R na l kwake zilikuwa kitu kimoja. Mimi naitwa Leokadia. Kwake nilikuwa Reokadia, na niliitika hivyo miaka mitatu bila kinyongo. Nilimpenda kwa sababu alinipenda. Nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasa la sita, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa na maana kwamba niliweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni bila kukosea. Lakini mimi nilijiona nimefika. Nyumbani nilikuwa nikiwaamkia mbuzi kwa Kiingereza.

Siku aliyoitundika manila ya vivumishi vya kutisha, Mwalimu Nestori alikunja nusu ya kulia kwa nyuma, akaibana kwa miiba minne ili tusiione. "Leo tunasoma vitu vinavyotisha," alisema. "Huku nilikokunja kuna safu ya pili. Tutaisoma tukishaijua hii. Nikiwapa zote leo mtachanganya." Tukasoma kwa sauti moja, tukifuata fimbo yake: dangerous, fierce, horrible, terrible, frightening. Yeye alisema "telibo" na "flaitening", nasi tukasema hivyo hivyo, kwa nguvu, hadi darasa la tano, upande wa pili wa ukuta, wakaanza kutuigiza.

Kabla sijaendelea lazima niwaambie kuhusu shingo ya mama.

Mama alikuwa na rovu. Lilikuwapo kabla sijazaliwa, na lilikua pamoja na mimi. Nilipokuwa mdogo kabisa sikujua kwamba ni ugonjwa. Nilikuwa nikilala nimeweka kiganja juu yake. Lilikuwa la moto, laini kwa juu, na mama alipoongea lilitetemeka kidogo chini ya vidole vyangu. Kwa kuwa mama alikuwa msemaji, niliamini kwamba humo ndimo anamoweka maneno yake kabla hajayatoa. Niliwaonea huruma akina mama wengine wenye shingo nyembamba. Nilidhani ndiyo maana mama yake Kulwa alikuwa mkimya, hana pa kuyaweka.

Mwenyewe alilifanyia utani. Aliwaambia wageni kwamba mwaka wa njaa alimeza boga zima kwa pupa likagoma kushuka. Sokoni, mtu akimkodolea macho, alimwambia, "Karibu, la kwako lipo nyumbani." Watu walicheka, wakanunua ndizi zake. Sikumwona hata siku moja akiona haya. Haya nilikuja nayo mimi, kutoka shule.

Basi Mwalimu Nestori alitaka sentensi. Mmoja akasimama akasema simba ni mkali. Mwingine akasema nyoka ni hatari. Kulwa, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa bondeni, alikaa dawati la nyuma yangu na kwa kawaida hakunyoosha mkono hata akiulizwa jina la shule. Siku hiyo alinyoosha. Akasimama, akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kama kamba ya kufungia mzigo: "The neck of the mother of Leokadia is frightening."

Shingo ya mama yake Leokadia inatisha. Kila mtu alielewa, hata wale ambao hawakuelewa kitu kingine mwaka mzima. Darasa zima likaangua kicheko. Nilimtazama Mwalimu Nestori, nikisubiri fimbo imshukie Kulwa. Lakini Mwalimu alikuwa amesimama mdomo wazi, na usoni alikuwa na furaha. Miezi yote ile hakuwahi kusikia sentensi ndefu namna hiyo kutoka dawati la nyuma. "Collect!" alisema. Yaani, sahihi. Ndipo akaniona, akakunja uso, akasema taratibu, "Lakini si adabu, Kulwa. Kaa chini."

Nilikwenda nyumbani na ile "sahihi". Kulwa ningeweza kumpiga, na kesho yake nilimpiga kweli, kwa mfuniko wa chungu. Lakini sahihi ya mwalimu nisingeweza kuipiga. Kitu kikishakuwa sahihi kwa Kiingereza, nani atakipinga? Jioni ile nilimtazama mama akipuliza moto, kanga imemtoka shingoni, na kwa mara ya kwanza nikaona boga.

Baada ya hapo nikawa mtoto mbaya. Nasema kama nilivyokuwa. Nilimwambia mama asinisindikize. Alipokuja shule kuniletea sweta siku ya mvua, nilijificha nyuma ya choo mpaka akaondoka. Kikao cha wazazi kilipotangazwa, nilimwambia kwamba safari hii wameitwa akina baba tu. Baba alikwenda, akarudi, akauliza kwa nini mama hakuja ilhali wenzake walikuwa wamejaa. Mama alikuwa anamenya mihogo. Baba alipotoka kwenda kutazama mbuzi, mama aliniuliza bila kuinua uso, "Leoka, shingo yangu inakutisha?"

Nikasema hapana. Nilisema haraka mno. Akaendelea kumenya.

Siku chache baadaye alimwambia baba kwamba amesikia kuna madaktari wageni watakuja hospitali moja ya misheni upande wa Ngara, wale wanaokuja mara moja kwa mwaka na kukata marovu, na kwamba safari hii anataka kwenda. Miaka yote alikuwa amekataa. Ni kweli kwamba lilikuwa limeanza kumbana. Alilala ameegemea ukuta na alikoroma hata akiwa macho. Baba alifurahi, akasema afadhali amesikia. Mpaka leo sijui kama alikwenda kwa ajili ya pumzi au kwa ajili yangu. Wakati ule sikujiuliza. Nilidhani Mungu amejibu maombi yangu, na nilijisifu kwa maombi hayo.

Baba alibaki na wadogo zangu na mahindi, kwa sababu nyani walikuwa wameshaanza kuingia shambani na nyani hawasubiri mtu atoke hospitali. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa mkubwa, na kwa kuwa, baba alisema, huko kuna wazungu na Leoka anajua Kiingereza. Sijawahi kupewa sifa iliyonikaa vizuri kama hiyo. Njiani nilirudia maneno yangu kimoyomoyo.

Basi lilipofika karibu na Lukole mama alinionyesha mahali alipokuwa akiuza ndizi wakati wa kambi, wakati wakimbizi walipokuwa wengi mpaka vilima vikawa vyeupe kwa mahema. Sasa palikuwa na majani tu na miti iliyokatwa ikachipua upya. Aliongea sana siku hiyo. Kila kilima kilichotokea alikisalimu kama ndugu, maana alikuwa anakaribia kwao. Nilimkazia kanga shingoni kila ilipolegea, nikimwambia kuna baridi. Alijua si baridi. Aliniacha niikaze.

Mama mdogo Velonika, mdogo wake mama wa tumbo moja, alitupokea hospitalini. Alikuwa ametoka Kabanga tangu alfajiri na kapu la maharage yaliyopikwa. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kucheka, na tangu utoto wao hakuna jambo lolote walilolifanya bila kushikana. Mama alipojifungua mimi, Velonika ndiye aliyemshika mabega. Alipowazika wazazi wao, Velonika alikuwa kulia kwake. Walipoonana pale kwenye uzio wa hospitali walishikana mikono na hawakuachana mpaka tulipoonyeshwa kitanda.

Kesho yake asubuhi wagonjwa wa kukatwa walipangwa kwenye korido ndefu, kila mmoja juu ya kitanda cha magurudumu. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kufutia sakafu na ya spiriti, harufu kali na safi, na mimi niliipenda. Niliona ndiyo harufu ya Kiingereza chenyewe. Daktari mgeni alipita kitanda hadi kitanda, mzungu mzee mwenye miwani, na nesi mmoja akimtafsiria. Kitanda kilichotutangulia kilikuwa cha msichana aliyekuja kukatwa uvimbe wa tumbo. Daktari aliuliza, nesi akatafsiri, msichana akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka. Mara nikaona dada yake analetewa gauni la kijani na kofia, anavalishwa, na wanaingia pamoja kwenye mlango ule mkubwa. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani labda dada yake pia anakatwa.

Zamu yetu ilipofika, mtu aliita kutoka wodi ya wazazi, na nesi akaondoka mbio. Daktari akabaki na karatasi zake, akatutazama, akatabasamu, akafungua mikono kama mtu asiye na la kufanya. Mama mdogo akanisukuma mgongoni. "Nenda. Si unakijua?"

Nikasimama mbele. Daktari akauliza mama ana umri gani. Nilijibu. Akauliza kama amekula chochote leo. Nilijibu. Akauliza kama ana watoto wengine, nikamwambia wako wanne nyumbani. Nilijibu yote, na kila jibu lilipotoka niliona mama mdogo akimtazama mama, na mama akinitazama mimi, uso wake umejaa. Sijui niuite nini uso ule. Aliniangalia kama mtu anayeona kitu chake kinang'aa mbele za watu. Alikuwa amevuliwa kanga, amevalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi shingoni, na rovu lilikuwa nje, mchana kweupe, na wala hakulifunika.

Kisha daktari akaweka karatasi chini, akamwelekezea mama kidole taratibu, karibu kabisa na shingo, akaniuliza, "Is she frightened?"

Yeye aliongea kwa puani, haraka, na mwisho wa neno ulimezwa. Mimi nilidaka kichwa cha neno tu. Na kichwa kile nilikijua. Hakuna neno la Kiingereza nililolijua kuliko lile. Nililisikia kila nilipopita karibu na dawati la Kulwa. Sasa limevuka milima, limekuja mpaka hospitali, na mzungu mwenye miwani, mtu niliyempenda tangu asubuhi, ananiuliza mimi mwenyewe: mama yako anatisha?

Masikio yalipata moto. Mama aliona. "Amesemaje?" aliniuliza. Sikutaka kumwambia, lakini alinishika mkono, akauliza tena. Nikamwambia, kwa Kihangaza, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kwamba anauliza kama wewe unatisha watu. Mama alinitazama kidogo, halafu akacheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia magurudumu.

Nikamgeukia daktari. "No!" nilisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa korido. "No, doctor. My mother is not."

Daktari alimwangalia mama anayecheka, akaniangalia mimi, akafurahi sana. Alimpigapiga mama mguuni, akasema neno ambalo nilikuja kulijua baadaye kuwa ni jasiri, akaandika kwenye karatasi yake. Nesi aliporudi alisoma karatasi ile, akaanza kusukuma kitanda. Mama mdogo Velonika alifuata huku ameshika ncha ya shuka. Mlangoni nesi alimzuia. "Wewe subiri hapa, mama."

"Yule dada mwingine ameingia," mama mdogo alisema.

"Yule mgonjwa wake alikuwa anaogopa. Anayeogopa ndiye daktari anamruhusia ndugu akae naye mpaka apate usingizi. Huyu wako hana wasiwasi, imeandikwa. Kaa hapo kwenye benchi."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu na hayakuniambia kitu. Nilifurahi kwamba mama yangu hana wasiwasi. Mama aligeuza kichwa juu ya kitanda, akamtafuta mdogo wake kwa macho. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Chini ya shuka miguu yake ilikuwa inasuguana, wa kulia juu ya wa kushoto, wa kushoto juu ya wa kulia, bila kupumzika. Nilidhani anasikia baridi. Mama mdogo aliita, "Dada!" mara moja tu, na mlango ukafungwa.

Rovu lilitolewa. Tulirudishiwa mama akiwa na bandeji nyeupe shingoni na mrija, shingo nyembamba kama ya mama yake Kulwa. Macho aliyafungua mara mbili au tatu, lakini hayakumwona mtu. Damu haikutaka kukauka ndani. Madaktari walimrudisha mezani, wakahangaika naye, nami naamini walifanya walichoweza. Niliwaona jinsi walivyotoka. Siku ya tatu, mchana, wakati wa kugawa uji, mama alikata roho bila kuongea na mtu. Mama mdogo alikuwa amemshika mkono saa hiyo. Lakini alikuwa amemshikia mtu asiyejua kama ameshikwa.

Tulimzika Nyarubungo, nyuma ya nyumba, karibu na migomba yake. Watu walisema kafa kishujaa, ameingia kwenye kisu huku anacheka. Daktari mwenyewe alisema, nesi alitutafsiria, kwamba hajawahi kuona mgonjwa mwenye moyo namna ile. Baba aliyarudia maneno hayo kwa kila aliyekuja kutoa pole. Yalimfariji. Mimi pia yalinifariji, maana ni mimi niliyeyaleta.

Niliporudi shuleni wenzangu walikuwa kimya kunizunguka, wakinipisha njia kama mtu mzima. Manila ilikuwa bado ukutani, imekunjwa vile vile. Kwanza msiba, kisha mavuno, kisha Mwalimu Nestori aliugua malaria. Siku aliyorejea alisimama mbele, amekonda ndani ya koti, akachomoa miiba ya mlimau mmoja mmoja. Karatasi ikafunguka. Safu ya pili ilikuwa bado nyeusi, haijafifia, kwa kuwa haikuwa imeona jua.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Huku ni kitu kinachotisha. Frightening. Huku ni mtu aliyetishwa, yaani mtu mwenye hofu. Frightened. Ukisema nyoka ni frightening, nyoka anatisha. Ukisema mama yangu ni frightened..." Akanyamaza. Alikuwa amejisahau, masikini, mama lilikuwa neno la mfano wake siku zote. Akabadilisha. "Ukisema mtoto ni frightened, mtoto anaogopa."

Sikuinua kichwa. Niliandika neno lile kwenye daftari, herufi moja moja, na nilipofika kwenye zile mbili za mwisho, e na d, nikaisikia korido nzima. Nikamwona daktari anaweka karatasi chini. Nikamwona anaonyesha, wala hakuwa anaonyesha shingo, alikuwa anamwonyesha mtu. Alikuwa ameuliza kama mama anaogopa. Na nikaona ile miguu.

Sikulia. Nilinyoosha mkono. Mwalimu Nestori alisita, kisha akasema, "Ndiyo, Reokadia." Nikasimama, nikasema, "My mother was frightened." Hakujua ninachosema, alifikiri ni msiba tu, na hakusema kwamba ni sahihi. Alikuja akanishika kichwa, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nyuma yangu Kulwa alikuwa amelaza uso juu ya dawati.

Nilikaa na jambo hilo mpaka nikaolewa, mpaka nikazaa. Kila mtu ana kitu anachokipita pembeni, mimi changu kilikuwa hicho. Niliposikia watu wa nyumbani wakisimulia jinsi mama alivyokuwa jasiri, nilitoka nje nikatafuta kuni. Kiingereza nilikiacha kife. Sekondari nilipata alama za kuokota, na walimu hawakuamini kwamba mimi ndiye yule waliyeambiwa.

Mwaka jana nilikwenda Kabanga kumwona mama mdogo Velonika. Amezeeka, magoti hayamtaki tena, lakini mikono bado ni ile ile. Nilimkuta uani ameketi mkekani, anapukuchua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa, nikavuta kapu tukawa tunapukuchua pamoja. Sikuwa nimepanga kusema. Labda ni kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Mama, siku ile hospitali," nilisema. "Daktari aliponiuliza lile swali la mwisho."

"Lile lililomchekesha dada?"

"Lile. Hakuuliza kama anatisha. Nilisikia vibaya. Aliuliza kama anaogopa. Mimi nikasema hapana. Ndiyo maana walikuzuia mlangoni."

Aliacha maharage. Alinitaka nirudie, nikarudia. Alikaa akitazama ukuta wa jirani, midomo yake ikitembea taratibu, kama mtu anayepanga upya vyombo ndani ya nyumba. Nilisubiri anifukuze.

"Alikuwa anaogopa tangu usiku wa kuamkia siku ile," alisema mwishowe. "Aliniambia, Velo, usiniache. Wewe ulikuwa umelala. Hakutaka ujue." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini ulikuwa mtoto, Leoka. Nani angekulaumu? Hata ningekuwa mimi."

Kisha nikamwona anakunja uso. Akanigeukia.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kichwani kwake. Nilisikia. Mbona dada alikwambia ujibu ndiyo?"

Hapo juu niliposimulia nimeruka. Nimekuwa nikiruka miaka yote, hata nilipokuwa nikijisimulia mwenyewe. Mama alipomaliza kucheka alinivuta mkono, rovu likitetemeka, macho yamejaa machozi ya kicheko, au ya kitu kingine, sitajua kamwe. Akasema, "Ego. Mwambie ndiyo, natisha sana. Mwambie ajihadhari na hicho kisu chake." Na aliponiona nimeganda, akasema tena, sasa kwa upole, "Mwambie ndiyo, mwana wanje."

Nilimsikia vizuri. Niliona aibu mzungu asikie kwamba mama yangu anajicheka.

"Kwa nini hukumwambia?" mama mdogo aliuliza.

Nikamjibu kwamba niliona aibu. Alichukua ganda jingine la maharage, akalishika mkononi bila kulipasua.

Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alinipa jibu lililo sahihi, mara mbili, akiwa amenishika mkono. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani nikalibadilisha.